Mwenye sukari akianguka, mpe sukari!

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Mpo maskani mnapiga stori za mpira. Mshikaji wenu mmoja, ambaye wote mnajua ana ugonjwa wa sukari, mara anatoka jasho kama kamwagiwa ndoo ya maji. Mikono inamtetemeka. Ukimsemesha anajibu ovyo, tena kwa ukali. Mmoja anasema huyo keshalewa. Wa pili anasema kapandisha shetani. Wa tatu, yule anayejifanya mjuzi, anampokonya soda mkononi: "Wewe una sukari bwana, utakufa!"

Kati ya hao watatu, wa hatari zaidi ni huyo wa mwisho. Soda aliyoipokonya ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Unashangaa? Hushangai peke yako. Mjini hapa, kuanzia barazani Jaws Corner mpaka majumba ya Michenzani, kila mtu ana shangazi au babu mwenye sukari, na kwa sababu hiyo kila mtu kajipa udaktari. Ila sukari ya babu na sukari ya kijana wa sindano si kitu kimoja.

UDUGU WETU WA VISIWA

Sukari ya babu mara nyingi ni aina ya pili: insulini ipo, lakini mwili hauitumii sawasawa. Aina ya kwanza, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, ni mambo mengine. Ndani ya kongosho mna vijisehemu vidogo mno ambavyo Mjerumani mmoja, Paul Langerhans, aliviandika mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Kwa jinsi vilivyojitenga, baadaye viliitwa visiwa, na hata neno insulini asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Basi sisi wa visiwani hapa tuna udugu nao wa jina!

Katika aina hii ya kwanza, askari wa mwili wenyewe, wale wa kupambana na maradhi, wanakosea adui na kuvishambulia visiwa hivyo. Insulini inakatika. Hakuna aliyeyataka, wala si adhabu ya kula halua nyingi. Wala hauambukizi, kwa hiyo wanaoogopa kula naye sinia moja waache ushamba.

Dalili zake huja kwa kasi: kiu isiyoisha, haja ndogo kila saa, kukonda ghafla, kuchoka. Akicheleweshwa anatapika, anahema kwa nguvu, na mdomo unatoa harufu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nyumbani watasema malaria. Pima malaria, sawa, lakini tone moja la damu ya kidoleni lipimwe sukari pia. Linaweza kuokoa roho.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Januari 1922, kule Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza wa sukari kudungwa insulini. Alikuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka 13 zaidi.

SINDANO HAINA MACHO

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Kongosho zima linaona. Ukila sana linatoa insulini nyingi, usipokula linatulia. Sindano haina macho. Ukishajidunga yuniti za sahani ya wali, halafu ukaghairi kula ukaenda zako kucheza mpira, insulini haijui. Itaendelea kushusha sukari mpaka ubongo ukose chakula. Hapo ndipo jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo mbio na maneno ya ajabu ajabu. Akiachwa, anazimia au anashikwa na degedege, na anaweza kufa.

Kwa hiyo mwenye sindano lazima awe mwanafunzi wa maisha yake mwenyewe. Ajue kupima. Ajue kuwa si sukari ya chai tu inayohesabiwa: boflo, muhogo, wali, ndizi na ule urojo wa Forodhani, vyote vinapandisha. Ajue kubadilisha mahali pa kudunga, leo tumboni, kesho pajani, ngozi isije ikafanya mafundo. Daktari utamwona dakika chache tu, kisha anakuja wa nyuma yako. Saa zote zilizobaki, usiku na mchana, daktari ni wewe.

Na marafiki je? Nyinyi ndio manesi wa zamu. Shikeni haya:

Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subirini dakika 15. Kama mashine ipo, pimeni. Ikisoma chini ya 3.9 (mashine nyingine husoma 70), rudieni. Akipata nafuu, ale kitu kama mkate.

Kama kazimia, msimtie chochote mdomoni, kitampalia. Mlazeni ubavu, tafuteni gari, mbio hospitali. Na kamwe asitokee mtu wa kumdunga insulini eti kwa kuwa ana sukari. Hilo ni kumsukuma shimoni.

USIIACHE HATA SIKU MOJA

Kuna kosa la pili, kinyume cha hilo. Kijana anaumwa homa, hali vizuri, anaamua kuacha sindano kabisa. Au kaambiwa kuna mti unaponya sukari moja kwa moja. Ndugu yangu, dua omba, kombe ukitaka kunywa kunywa, lakini insulini usiiache. Mwili uliokosa insulini unaanza kuyeyusha mafuta yake na kujaza damu tindikali, na kwa siku chache tu mtu anaweza kuondoka. Ukiumwa, pima mara nyingi zaidi, kunywa maji kwa wingi, na muone daktari akupangie kipimo.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, na wa sindano asijiamulie kichwa kichwa: amuone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Na sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

UMEME UKIKATIKA

Waunguja hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu, baada ya umeme wa kutoka bara kukatika. Wengine tulililia feni na luninga. Mwenye sindano aliililia friji.

Chupa isiyofunguliwa inataka ubaridi wa friji, siyo ya kugandisha. Insulini ikiganda imekufa, itupe. Friji ikizima, tumia akili za bibi: mtungi wa udongo wenye maji, pembeni kivulini, na chupa ndani ya kitu kikavu kisichopitisha maji. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofuata joto la kambi ya Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa kwenye nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu zake. Kwa hiyo usiitupe kwa hofu, ila usiiache juani wala kwenye dashibodi ya daladala.

Na nani kasema mwenye sukari hawezi kitu? Nacho Fernández aligunduliwa akiwa na miaka 12. Akachukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara sita na Real Madrid. Sindano yake haikumzuia, kwa sababu alijifunza kuishi nayo.

Wewe mwenye sindano, kliniki ya kisukari ipo Mnazi Mmoja. Usiende kuchukua dawa tu, uliza maswali mpaka nesi akujue kwa jina. Na nyinyi wa maskani, jioni ya leo muulizeni mshikaji wenu mambo mawili: sukari yake ikishuka anakuwaje, na vidonge vyake vya glukosi au pipi anaweka mfuko gani. Mkishajua, endeleeni na stori zenu za mpira.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.