Waliougua Maradhi ya Akili kama Waelimishaji wa Wenzao

Mgonjwa wa akili anaporuhusiwa kutoka wodini, familia nyingi hudhani kuwa kazi ngumu imekwisha. Kumbe kipindi kinachofuata ndicho kinachohitaji uangalizi zaidi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa hatari ya kujiua huwa kubwa katika wiki na miezi michache ya mwanzo baada ya mgonjwa kutoka hospitalini. Ni katika kipindi hicho pia ambapo wengi huacha dawa, hukosa kliniki, na hukutana tena na majirani waliokwisha kuwabandika jina la "kichaa". Daktari bingwa yuko mbali, na muuguzi wa zahanati ana foleni ndefu mlangoni. Ni nani basi atakayeketi na mtu huyo?

Jibu mojawapo, ambalo huduma za afya zimechelewa kulikubali, ni mtu aliyewahi kulazwa kwa maradhi kama yake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwelimishaji rika ni nani?

Jina hili limezoeleka katika huduma za VVU. Katika afya ya akili, mwelimishaji rika ni mtu aliyewahi kuugua maradhi kama sonona, skizofrenia au ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, akapata nafuu ya kutosha, akapewa mafunzo, na akachagua kutumia aliyoyapitia kuwasaidia wenzake. Hatoi dawa wala habadilishi dozi. Kupata nafuu, vilevile, hakumaanishi kwamba ugonjwa umeondoka kabisa; baadhi yao huendelea kutumia dawa na kuhudhuria kliniki huku wakifanya kazi na kulea watoto.

Wapo wanaojiita manusura. Kwa neno hilo wanamaanisha kuwa walinusurika ugonjwa na pia namna walivyotendewa: kufungwa kamba, kufungiwa chumbani, kuchomwa sindano bila kuelezwa ni ya nini. Mhudumu wa afya anayechukizwa na neno hilo anapaswa kwanza kuwasikiliza wanaolitumia.

Harakati za muda mrefu

Jambo hili si geni. Mwaka 1845, nchini Uingereza, watu waliowahi kufungiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili, akiwamo John Perceval, mwana wa aliyekuwa waziri mkuu, waliunda chama cha kuwatetea wenzao. Nchini Marekani, Clifford Beers alichapisha mwaka 1908 kitabu kuhusu maisha yake hospitalini, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kamati ya kitaifa ya kuboresha afya ya akili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ulizipa harakati hizo nguvu ya kisheria, kwa kuwa unawahusu pia watu wenye ulemavu utokanao na maradhi ya akili. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009.

Mifano ya Afrika Mashariki

Nchini Kenya, shirika la Users and Survivors of Psychiatry, lililoanzishwa mwaka 2007 na kuongozwa na wenye uzoefu huo, huendesha vikundi vya kusaidiana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilivitaja vikundi hivyo katika mwongozo wake miongoni mwa mifano bora ya huduma zinazoheshimu haki. Nchini Uganda, Hospitali ya Butabika jijini Kampala imewatumia waliowahi kuugua kuwatembelea nyumbani wagonjwa walioruhusiwa. Mradi wa kimataifa wa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018, ulihusisha Kampala na Dar es Salaam pamoja na vituo vya Ujerumani, India na Israel.

Kazi yao inavyofanyika

Tuchukue mfano wa kijana aliyeacha dawa kwa sababu mikono inatetemeka na mate yanamtoka. Kliniki hakusema, kwani aliona aibu. Nyumbani anaitwa mkaidi. Mwelimishaji rika anapomtembelea na kumweleza kwamba naye aliwahi kushindwa kushika kikombe cha chai, kijana anafunguka. Mwelimishaji hamwambii aache dawa wala hamlaumu. Humsaidia kuyaandika madhara hayo, humsindikiza kliniki, na huketi kando yake anapomweleza mganga. Hapo mganga hupata taarifa ambayo hakuipata katika mahudhurio yote yaliyopita, na anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Kazi ya pili ni kuelimisha jamii. Tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa, iliyotoa ripoti mwaka 2022 chini ya uenyekiti mwenza wa Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia, ilihitimisha kuwa njia yenye ufanisi zaidi ya kupunguza unyanyapaa ni watu kukutana na waliougua. Mabango na hotuba peke yake havitoshi.

Mipaka na tahadhari

Ushahidi wa kitafiti unapaswa kuelezwa kwa uaminifu. Msaada wa rika huongeza matumaini na uwezo wa mtu kujiamulia, ingawa kwa kiasi. Kuhusu kupunguza dalili au kulazwa tena, matokeo ya tafiti yanatofautiana. Hivyo msaada huu huandamana na matibabu, wala hauchukui nafasi yake.

Mwelimishaji akisikia mtu akizungumzia kujiua, akiona anakataa kula na kunywa, au akikuta anayetumia dawa za saikosisi ana homa kali na mwili uliokakamaa, hatua ni moja: kumfikisha hospitalini mara moja.

Wapo pia wanaodhurika kwa uzembe wa waajiri. Mwelimishaji huitwa kusimulia masaibu yake kila mkutano, kisha hurudishwa nyumbani na soda. Anayefanya kazi alipwe, apate msimamizi, na apewe mapumziko dalili zinapojitokeza, bila kufukuzwa. Naye anapaswa kutunza siri za wagonjwa kama mtumishi mwingine yeyote.

Pa kuanzia

Kituo cha afya hakihitaji bajeti kubwa ili kuanza. Kinaweza kutenga chumba mara moja kwa mwezi ambapo wagonjwa na ndugu zao wakutane, mmoja wao akiongoza na muuguzi akiwa karibu endapo atahitajika. Kinaweza pia kumkutanisha kila anayeruhusiwa na mwenzake mmoja, kwa ridhaa ya wote wawili, kabla hajatoka getini. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kliniki yake kama huduma hiyo ipo, na kuomba ianzishwe ikiwa haipo.