Vijana wasomi na miji yetu ya mikoani

Imekuwa ada katika nchi yetu kwamba kijana akishahitimu chuo hufunga virago vyake kuelekea Dar es Salaam, na aliyesomea huko huko aghalabu hatoki tena. Juma hili tunakusudia kuuliza swali moja tu: ni jambo gani litakalomfanya daktari, mhasibu au mhandisi kijana akubali kuishi Tanga, Lindi, Singida au Kigoma, tena akae, si apite?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati yao 5,383,728 walikuwa mkoani Dar es Salaam. Jiji la Tanga, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2005, lilikuwa na watu 393,429. Wingi huo si mdogo, wala si wingi unaotushughulisha. Mji ukiondokewa na wachuuzi mia moja, wengine mia watakuja. Ukiondokewa na daktari bingwa mmoja, wagonjwa wake hupanda basi la alfajiri kwenda Muhimbili, na nauli hutoka katika pesa ya chakula cha watoto.

Haikuwa hivyo daima. Tanga ndiyo iliyoanza kujengewa reli katika nchi hii, katika muongo wa 1890, na mkonge wake uliajiri makarani, mafundi na wahasibu kutoka pande zote. Shaaban Robert mwenyewe, aliyesoma Dar es Salaam, alitumikia serikali Pangani, Mpwapwa na Tanga, na kazi hizo za ukarani hazikumzuia kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu katika zama zake. Kisha kamba za plastiki zikauangusha mkonge, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na kazi zilipopotea wenye ujuzi nao wakafuata njia.

Wapo wanaodhani dawa ni amri. Tuitazame Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini wizara zilibaki pwani. Mwaka 2016 serikali ikaamua kuhama kweli, na watumishi wakahama. Hata hivyo wako waliohama wao na mabegi yao, mke na watoto wakabaki Dar es Salaam, kwa kuwa mke naye ana kazi yake na watoto wana shule yao. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaiunganisha miji hiyo miwili kwa saa chache. Ni neema, ila treni hiyo hiyo iletayo watu Jumatatu huwarudisha Ijumaa jioni.

Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 ilizaa kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, na sehemu ya bajeti na ya madaraka ya kuajiri ikatoka Nairobi. Kijana msomi akapata sababu ya kubaki Kakamega au Garissa. Lakini wauguzi na madaktari wa kaunti wamegoma mara kwa mara, na mishahara kuchelewa ni miongoni mwa manung'uniko yao. Ajira pasipo ujira wa wakati haimfungi mtu mahali.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa ni kumwita kijana mmoja ilhali anayehama ni nyumba nzima. Halmashauri inayomtafuta mhandisi haina budi kuuliza mkewe ni nani: pengine ni mwalimu, pengine mfamasia, na nafasi yake ipo wazi hapo hapo mjini. Iulize watoto watasoma wapi, na kama intaneti yatosha kwa anayefanyia kazi nyumbani. Kodi ya nyumba nafuu ni kivutio, lakini hakuna ahamaye kwa ajili ya kodi peke yake.

Sehemu nyingine ni yetu sisi wenyeji, na hapa tuseme wazi. Kijana akirudi nyumbani na shahada yake, minong'ono huanza: "Mjini kamshinda." Wazee waliochanga ada yake ndio wa kwanza kumuuliza anarudi lini Dar. Na binti mtaalamu anayepangiwa kazi mikoani peke yake huhojiwa na mwenye nyumba maswali ambayo kijana wa kiume haulizwi. Baada ya mwaka huomba uhamisho, nasi hulalamika kuwa wasomi wana dharau. Kamati za misikiti yetu, zinazojua kila nyumba iliyo tupu mtaani, zingeweza kumtafutia makazi ya heshima na kumjulisha kwa majirani. Gharama yake ni ndogo mno.

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia Chongoleani, Tanga. Ujenzi wa namna hiyo huleta mamia ya wataalamu na huisha siku moja. Tungependa kuwasikia madiwani wa Tanga wakieleza ni wangapi kati yao wamekwisha kupewa viwanja, na wake zao wangapi wamepata kazi.