Wema Usiotajwa Hauigwi

Tarehe 20 Oktoba 2025, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Ithookwe, Kitui. Ilikuwa heshima kwa wenyeji, ila siku kama hiyo huutazama ushujaa kutoka mbali: wapigania uhuru, viongozi, wanariadha, na mara mojamoja raia wa kawaida aliyetenda jambo la ajabu. Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyekataa kuwatenga abiria Wakristo basi lao liliposhambuliwa Mandera mnamo Desemba 2015, alitunukiwa nishani akiwa ameshafariki kwa majeraha. Aliistahili. Hata hivyo, kipimo cha risasi na kifo hakimfikii mama wa Mwingi anayempisha bibi kizee kwenye foleni ya maji, wala kijana wa bodaboda mjini Wote anayemkimbiza mjamzito hospitalini usiku wa manane asidai nauli. Nasema watu hawa watambuliwe, tena na majirani zao wenyewe, kwa kuwa wema usiotajwa hauna wa kuuiga.

Ushahidi wa kwanza uko Ukambani kwenyewe, eneo zilipo Kitui, Mwingi na Wote. Tangu zamani Wakamba wana mwethya, yaani majirani kukusanyika na kumsaidia mwenzao kazi inayoishinda nyumba moja, iwe kulima, kuvuna au kujenga. Wakoloni walipotaka kuzuia mmomonyoko wa udongo, waliwashurutisha watu kuchimba matuta. Kazi hiyo ilichukiwa, na si ajabu: mwaka 1938 Muindi Mbingu alikuwa ameongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga kuuzwa kwa mifugo yao kwa nguvu. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1950, vikundi vilipopewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na kupanga kazi yao, na baada ya uhuru wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba katika wilaya ya Machakos ya zamani, iliyojumuisha Makueni, watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na bado ardhi ikatunzwa vizuri zaidi kuliko awali. Kahawa na soko la Nairobi vilichangia, lakini matuta yalichimbwa na watu waliojuana kwa majina. Katika mwethya kila mtu humwona aliyewahi shambani, na aliyebaki kumalizia tuta la mjane wengine walipokwenda zao. Sifa ya mtu hujengwa hapo, mbele ya macho ya wenzake, na anayeitazama hujifunza la kufanya zamu yake itakapofika.

Utaratibu huohuo ndio uliowezesha mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SASOL. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko hurundika mchanga nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie kwa urahisi. Wenyeji hutoa mawe, mchanga na nguvu zao. Ushahidi wa pili unatoka Lusaka, Zambia, ambako Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack waliwashirikisha wasusi na vinyozi katika kuuza kondomu za kike. Baadhi walipewa faida ya fedha. Wengine walibandikiwa nyota kwenye chati iliyoonekana na kila mteja, nyota moja kwa kila mauzo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, wenye nyota waliuza takriban mara mbili ya wengine. Kuonekana na watu wa karibu kulikuwa na nguvu kuliko kamisheni.

Kuna watakaopinga kwa methali: tenda wema nenda zako. Dini nazo zinasifu sadaka ya siri. Lakini maneno hayo anaambiwa mtendaji, asitende kwa kutafuta shukrani. Aliyetendewa hakuruhusiwa kunyamaza, wala aliyeshuhudia. Wengine wataonya kwamba sifa huzaa maonyesho, na wanasiasa wataiteka shughuli nzima ili wapigwe picha wakigawa vyeti. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuacha uteuzi mikononi mwa walioona. Mgeni anaweza kudanganywa na tendo la siku moja. Jirani wa miaka kumi ni vigumu kumdanganya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba pongezi zinaweza kufunika haki. Wahudumu wa afya ya jamii wengi walizunguka vijijini miaka na miaka wakisifiwa bila kulipwa, hadi mwaka 2023 serikali kuu na za kaunti zilipokubaliana kuchangia posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kazi ya kudumu ilipwe, na serikali isijifiche nyuma ya moyo wa wananchi. Kutambua kunafaa pale ambapo malipo yangeharibu jambo lenyewe, kama pale mtu anapompisha mwenzake kisimani.

Hili halihitaji bajeti. Baraza la chifu, mkutano wa chama, ibada ya Jumapili na siku ya wazazi shuleni vinatosha, mradi tendo litajwe kwa ukamilifu: nani alimfanyia nani nini, na ilimgharimu nini. Kusema kwamba fulani ni mtu mzuri hakumfundishi mtoto chochote. Kusema kwamba kiangazi chote alimchotea jirani mgonjwa mtungi mmoja kila asubuhi kunampa mtoto huyo kazi anayoweza kuianza kesho.