Sindano Katika Ini: Tiba ya Vifuko vya Tegu wa Mbwa

Njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara yake mabegani. Penye kambi palikuwa na kitoweo. Penye kitoweo, kisu. Na penye kisu, mbwa aliyesubiri matumbo yatupwe. Hakuna aliyeyachunguza maini ya wanyama wale. Lakini kisu, matumbo na mbwa ndivyo vinavyomtosha tegu aitwaye ekinokokasi aendeleze kizazi chake mpaka leo.

Mbwa hula ini lenye vifuko, na utumboni mwake hukua tegu wenye urefu wa milimita chache tu. Mayai hutoka na kinyesi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huyapata malishoni. Binadamu huyameza kwa mikono michafu, maji au chakula. Ndani ya binadamu safari ya tegu hukoma, ila kifuko chenye maji hukua taratibu kwa miaka, mara nyingi katika ini, wala mwenyewe hajui mpaka tumbo lijae.

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu ulijulikana zaidi Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983 na baadaye ikazungusha mashine ndogo za ultrasaundi kwa wafugaji wanaohamahama. Umeonekana pia kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Tabora haina sifa hiyo. Hata hivyo wafugaji kutoka Usukumani wamehamia mkoani humo na mifugo yao kwa miongo kadhaa, na mbwa huandamana na zizi.

Zamani tiba ilikuwa moja: kupasua tumbo. Sindano ilikatazwa kabisa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Maji ya kifuko yakivuja, mwili huweza kupatwa na mzio mkali wa kuua, na mbegu za tegu zikatawanyika tumboni na kuota upya. Ndiyo maana daktari anayedhani ana jipu la amiba mbele yake, jambo la kawaida zaidi katika nchi zetu, hana budi kupiga picha kabla ya kuchoma.

Katika miaka ya 1980 ilidhihirika kwamba sindano ikiongozwa na ultrasaundi yaweza kuaminika. Mgonjwa hutangulia kumeza albendazoli. Baada ya ganzi, sindano hupitishwa kwanza katika nyama ya ini, ili nyama hiyo izibe tundu, ndipo iingie kifukoni. Maji hunyonywa na kuchunguzwa. Yakiwa na nyongo, kazi husimama papo hapo, kwa kuwa kifuko kimeungana na mirija ya nyongo na dawa ingeiunguza. Yakiwa safi, hutiwa maji ya chumvi kali au spiriti, huachwa kwa dakika 10 hadi 15, kisha hunyonywa tena. Dawa za mzio na vifaa vya kuokoa pumzi huwa tayari kando ya kitanda. Pasipo navyo, sindano isiguswe.

Si kila kifuko kinachofaa. Kilichojaa vifuko vidogo ndani yake huitikia vibaya, na kikubwa mno huhitaji mrija wa kukimiminia. Kile kilichokwisha kukauka na kuwa kigumu huachwa, kikaangaliwa tu. Kumpasua mtu kwa ajili yake ni kumwumiza bure. Uamuzi huo hutokana na picha, na hapa ndipo thamani ya mtaalamu mmoja mwenye jicho zuri katika hospitali ya mkoa huonekana: humwepusha mgonjwa wa Igunga au Urambo na safari ya kwenda mbali kufanyiwa upasuaji asiouhitaji.

Daktari David Livingstone aliyengoja wapagazi Kwihara hadi Agosti 1872 angekuwa na kiganja tu cha kulipapasa ini. Mgonjwa wa leo huondoka na albendazoli ya mwezi mmoja na tarehe ya kurudi, kwa maana kifuko kilichonyweshwa dawa huangaliwa kwa miaka kadhaa, kikisinyaa polepole kama kilivyokua.