Lev Termen na Chimbuko la Ala za Muziki za Kielektroniki

Utangulizi

Ala za muziki, kama zinavyofahamika katika jamii nyingi duniani, hudai kuguswa. Ngoma hupigwa kwa kiganja au kwa mkwiro, zeze husuguliwa kwa upote, zumari hupulizwa nacho kinanda hubonyezwa. Ndiyo maana watu waliona ajabu ya Musa mwanzoni mwa miaka ya 1920 pale mwanafizikia kijana wa Kirusi aliposimama mbele ya kisanduku cha mbao, akaipungia hewa mikono, na muziki ukasikika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono mtupu wa Lev Termen, ambaye nchi za Magharibi humwita Leon Theremin, ulisikilizwa na mataifa. Makala haya yanaeleza maisha yake, namna ala yake inavyofanya kazi, na jinsi kipaji chake kilivyotumiwa na dola iliyomfunga.

Maisha ya awali na uvumbuzi

Termen alizaliwa mwaka 1896 mjini Saint Petersburg, Urusi. Alisomea mambo mawili ambayo aghalabu hutenganishwa: fizikia na upigaji wa sello, ala ya nyuzi iliyo kubwa kuliko fidla. Baada ya Mapinduzi ya 1917 alijiunga na taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoongozwa na Abram Ioffe. Huko alikuwa akiunda kifaa cha kupima sifa za gesi kwa kutumia umeme. Akakiunganisha na spika za masikioni ili mabadiliko ya kipimo yasikike, na papo hapo akagundua kwamba sauti ilibadilika kila aliposogeza mkono karibu na kifaa. Mtafiti mwingine angeuona mkono huo kuwa kero inayoharibu kipimo. Termen, kwa kuwa alikuwa pia mwanamuziki, alianza kutafuta noti. Kufikia mwaka 1920 alikuwa ameunda ala ambayo hatimaye ilipewa jina lake, theremini.

Mwaka 1922 aliionyesha ala hiyo kwa Lenin mwenyewe, aliyejaribu hata kuicheza. Lenin aliamini kwamba umeme ungeibadilisha Urusi. Muziki uliotoka katika umeme ulimpendeza, na Termen akapewa nafasi ya kuizunguka nchi akiutangaza.

Jinsi theremini inavyofanya kazi

Theremini ina antena mbili. Ya kwanza ni ufito uliosimama wima, nayo hutawala wembamba na uzito wa sauti. Ya pili ni waya uliopindwa mfano wa kitanzi, nayo hutawala ukubwa na udogo wa sauti. Kwa kawaida mkono wa kulia huukaribia ufito, na wa kushoto hupanda na kushuka juu ya kitanzi.

Ndani ya kisanduku mna saketi mbili zinazozalisha mitetemo ya umeme ya kasi kubwa mno, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Tuchukue mfano kwamba kila moja inatetema mara 170,000 kwa sekunde. Saketi ya kwanza haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na ufito, na kwa kuwa mwili wa binadamu huweza kubeba chaji ya umeme, mkono unaposogea karibu huipunguzia saketi hiyo kasi. Tuseme imeshuka hadi mitetemo 169,560. Mitetemo ya saketi hizi mbili inapochanganywa, huzaliwa mtetemo wa tatu ambao ni tofauti baina yake, yaani 440 kwa sekunde. Huo husikika vizuri, na ndio noti ambayo okestra nyingi huitumia kulinganisha ala zake. Kadiri mkono unavyokaribia ndivyo tofauti inavyoongezeka na sauti kuwa nyembamba zaidi.

Urahisi wa maelezo haya usimhadae msomaji. Theremini haina vibonyezo wala alama za kumwongoza mchezaji. Noti zote zimo hewani, na mtikiso mdogo wa kidole huipotosha sauti. Mchezaji hutegemea sikio lake na utulivu wa mwili wake.

Umaarufu katika nchi za Magharibi

Mwaka 1927 Termen alizuru Ulaya, kisha akafika New York mwezi Desemba. Mwaka 1928 alipata hataza ya uvumbuzi wake nchini Marekani, na mwaka 1929 kampuni ya RCA ilianza kuunda theremini za kuuzwa. Zilizotengenezwa zilikuwa takriban 500 tu. Mdororo mkuu wa uchumi ulianza mwaka uo huo, na wanunuzi waligundua kwamba ala isiyoguswa ilikuwa ngumu kuliko walivyoahidiwa.

Aliyeipa ala hiyo hadhi ni Clara Rockmore, mpiga fidla stadi aliyelazimika kuiacha fidla kwa sababu ya maradhi. Alibuni mtindo wa kuvitumia vidole angani kwa usahihi, na kwa ushauri wake Termen alimwundia theremini bora zaidi. Aidha, kwa ombi la mtunzi Henry Cowell, Termen aliunda rithmikoni, mashine ya kutoa midundo mingi tofauti kwa wakati mmoja.

Baadaye alimwoa Lavinia Williams, mcheza baleti Mmarekani Mweusi. Katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, ndoa hiyo ilimfungia milango ya wengi waliokuwa wakimsifu. Madeni nayo yalimlemea. Mwaka 1938 alirejea Urusi bila mkewe. Wako wanaodai kwamba alitekwa na majasusi. Wengine, kwa kuzingatia madeni hayo, wanashikilia kwamba aliondoka kwa hiari. Lililo wazi ni kwamba wawili hao hawakuonana tena.

Kifungo na ala ya kunasa siri

Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Tuzo ya kwanza ya Termen huko kwao ilikuwa pingu. Alikamatwa mwaka 1939, enzi ya Stalin, akahukumiwa kifungo cha miaka minane na kupelekwa Kolyma, eneo la baridi kali lililowaua wafungwa wengi. Alinusurika kwa kuwa dola ilihitaji ujuzi wake. Alihamishiwa gereza maalumu ambamo wanasayansi wafungwa walifanya utafiti chini ya ulinzi.

Humo aliunda kifaa cha kunasa mazungumzo kisichokuwa na betri wala waya. Kilibaki kimya hadi kilipomulikwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje, ndipo kikarudisha sauti za waliomo chumbani. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao, na kifaa hicho kilikuwa kimefichwa ndani yake. Nembo ilitundikwa katika makazi ya balozi, na siri haikufichuka hadi mwaka 1952. Yule aliyeufundisha umeme kuimba alikuwa ameufundisha kudukiza.

Mwaka 1947 Termen aliachiliwa na kupewa Tuzo ya Stalin, ila aliendelea kuitumikia idara ya ujasusi. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi katika Chuo cha Muziki cha Moscow. Mwaka 1967 gazeti la New York Times lilipoandika habari zake, marafiki wengi wa Magharibi walishangaa kusikia yu hai. Habari hizo zilimponza: wakuu wa chuo walimfukuza na ala zake zikaharibiwa.

Urithi wake

Wakati Termen alipokuwa amefichwa, ala yake ilikuwa ikisikika katika filamu za Marekani, mathalani *Spellbound* ya 1945. Muhimu zaidi, ilimvutia kijana Robert Moog, aliyeunda theremini yake ya kwanza akiwa mwanafunzi na kuanza kuziuza katika miaka ya 1950. Ujuzi huo ulimwezesha kuunda sinthesaiza yake mwaka 1964, na katika ukoo wa sinthesaiza ndimo zimo kibodi za kielektroniki zinazosikika leo makanisani, harusini na katika taarabu ya kisasa ya pwani yetu.

Termen aliruhusiwa kusafiri katika uzee wake. Mwaka 1991 alifika Marekani, akaenziwa katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuonana tena na Clara Rockmore. Alifariki mjini Moscow mwezi Novemba 1993 akiwa na umri wa miaka 97.

Hitimisho

Maisha ya Termen yanabainisha mambo mawili. Mosi, uvumbuzi wake ulitokana na mtu mmoja kuwa mwanasayansi na msanii kwa pamoja. Ukuta uliojengwa baina ya vitivo vyetu ungemzuia kuisikia noti ndani ya kipimo cha gesi. Pili, elimu ile ile iliyozaa muziki ilizaa pia chombo cha kudukiza, na mwenye elimu hakuwa na hiari. Swali la nani anaamua matumizi ya kipaji linamhusu mtunzi na mwandishi sawa na linavyomhusu mwanafizikia.