Aina ya Damu na Homa ya Ini: Je, Kuna Uhusiano?

 

Leo tuna jambo linalowachanganya wengi. Unapokwenda kliniki ukiwa mja mzito, hupimwa damu, na katika kijitabu chako huandikwa herufi: A, B, AB au O. Hiyo ndiyo aina yako ya damu. Halafu siku nyingine unasikia kuna ugonjwa uitwao homa ya ini aina ya B. Mama mwenye damu ya B hushtuka na kusema, "Kumbe ugonjwa huu ni wangu!" Naye mwenye damu ya O hujipa moyo kwamba yeye hautampata. Wote wawili wamekosea.

Aina ya damu ni urithi. Mtoto huipata kwa baba na mama, wala haibadiliki. Homa ya ini aina ya B huletwa na virusi vinavyoingia mwilini kutoka kwa mtu mwingine. Herufi zimefanana tu, kama watu wawili wenye jina moja wasio na udugu.

Hata wataalamu walianza kwa kudhani ni urithi. Katika miaka ya 1960, daktari wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mtu mmoja wa Australia aliona kitu kigeni, akadhani ni cha kurithiwa. Baadaye ikajulikana kuwa ni sehemu ya virusi vya homa ya ini. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kupata chanjo.

Je, iko aina ya damu inayomkinga mtu? Uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi na majibu hayakufanana. Hakuna aina ya damu unayoweza kuitegemea kuwa kinga. Kinga ni chanjo.

Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe mmoja ukitumiwa kwa watu wawili, sindano ya kutoga masikio, kisu cha kutahiri au wembe wa kupiga chuku, vyote vyaweza kuvibeba. Virusi huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kwa hiyo, kila mtu na wembe wake mpya. Lakini kula sinia moja, kupeana mikono au kumkumbatia mgonjwa hakuambukizi.

Mtoto ndiye aliye hatarini zaidi. Katika kila watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki na virusi maisha yao yote. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe ini linaharibika polepole, na ukubwani likaota makovu au saratani. Kenya ilianza kutoa chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2001, ndani ya sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usikose hata moja. Ukiwa mja mzito, omba upimwe homa ya ini. Ukikutwa nayo, mtoto anahitaji chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo panga mapema na mumeo na nahodha wa boti, ujifungulie hospitali. Mtoto akishachanjwa, mnyonyeshe bila hofu.

Sasa sikiliza hapa, mama, maana hapa aina ya damu ina kazi yake. Mama mwenye damu ya O akizaa mtoto wa damu ya A au B, damu ya mama yaweza kupambana na ya mtoto. Vivyo hivyo kwa mama ambaye herufi yake ina alama ya kutoa. Huyo aulize juu ya sindano yake ya kinga. Mtoto hugeuka manjano, wala si kwa virusi.

Mtazame mwanao mwangani: weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Akiwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, au akilala mno na kukataa ziwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Manjano yakizidi huharibu ubongo. Usimwanike juani ukangoja, wala usisubiri hadi kesho kwa sababu maji yamekupwa. Hospitali kuna taa maalumu za kumtibu.

Kumbuka, mama: jua aina yako ya damu, pima homa ya ini, kamilisha chanjo za mtoto, na kila mtu atumie wembe wake.

Mwambie na jirani ambaye hakusikia. Kwa leo tuishie hapa. Afya njema, na kwaheri.