Kinyozi, Shingo Yangu Iache!

Njombe mwezi wa Juni na Julai si mchezo. Baridi inakukunja mabega tangu asubuhi, unashinda umejikunyata, jioni shingo imekaza kama ubao. Basi ukishanyoa, kinyozi akakuwekea taulo la moto na kuanza kukukanda, raha inakufika mpaka kisogoni. Ghafla, bila hata kukuuliza, anashika kidevu kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine: ka! kulia, ka! kushoto. Unalipa, unatoka unajiona mpya.

Nimeyaona hayo Njombe mjini, nimeyaona Makambako, njia panda ya Songea na Tunduma, ambako madereva wa masafa hushuka wakiwa hoi, mgongo na shingo vimekufa ganzi. Kwenye kukandwa sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni hiyo "ka!"

Kuna nini humo shingoni?

Damu inapanda kwenye ubongo kwa mishipa mikubwa minne. Miwili iko mbele, ndiyo unayoisikia ikidunda ukigusa pembeni ya koo. Miwili iko nyuma, inapita ndani ya matundu ya mifupa ya shingo, kisha inajikunja karibu na fuvu kabla ya kuingia kichwani. Shingo ikinyongwa kwa nguvu na kwa ghafla, mshipa unavutika, na ngozi yake ya ndani inaweza kuchanika. Damu inagandia pale kwenye mchaniko. Donge likiziba njia, au kipande kikimeguka kikapanda juu, hicho ndicho kiharusi.

Na ule mlio? Ni viputo vya hewa ndani ya kiungo, basi. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake.

Si maneno ya kutishana

Februari 2016, mwanamitindo wa Marekani Katie May alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 34 tu. Alianguka akiwa kazini, shingo ikamuuma, akaenda kunyooshwa. Oktoba mwaka huo wachunguzi wa vifo wa Los Angeles walieleza kwamba mshipa wa shingo ulichanika wakati wa kunyooshwa huko.

Dada zangu msicheke, na ninyi mmo. Mwaka 1993 daktari mmoja Marekani aliripoti wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kulaza shingo nyuma kwenye sinki la kuoshea nywele saluni.

Tuseme ukweli: jambo hili hutokea kwa nadra. Wengi wanageuzwa shingo kila wiki na wako salama. Lakini utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2008, una jambo la kutufikirisha. Watu waliopata kiharusi cha mishipa ya nyuma walikuwa wamekwenda kwa wanyoosha mgongo, na vilevile walikuwa wamekwenda kwa madaktari wa kawaida. Watafiti wakaona huenda baadhi yao mshipa ulishachanika kabla. Maumivu ya mchaniko ndiyo yaliyowapeleka kutafuta msaada.

Hapo ndipo penye hatari. Umefungiwa breki ghafla ndani ya basi, au umeanguka na bodaboda, kesho yake shingo inauma. Unakwenda kwa kinyozi "akurekebishe". Kumbe unampelekea mshipa uliokwishajeruhiwa, naye anaunyonga tena.

Usisubiri kesho

Maumivu ya shingo au kisogo ya upande mmoja, ya ghafla, ambayo hujawahi kuyapata, yapeleke hospitali. Kimbia zaidi ukiona:

• kizunguzungu kikali, kuyumba, kutapika
• kuona vitu viwili viwili, au kope moja kulegea
• mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza
• mkono au mguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi

Dalili zinaweza kuja saa chache au siku kadhaa baadaye, wakati saluni umeshaisahau. Na usiseme kiharusi ni cha wazee. Kuchanika kwa mishipa ya shingo ni mojawapo ya sababu kubwa za kiharusi kwa watu walio chini ya miaka 50.

Tena tusianze kutafuta nani kamroga nani. Dawa ya kuyeyusha donge, kwa anayefaa kuipata, inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kutoka Makambako hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 150. Ukianzia kwa mganga, muda umekwisha.

Kandaneni, msinyongane

Wapenzi, kazi hii mnaiweza nyumbani. Kitambaa cha moto, mafuta kidogo, vidole vipite taratibu mabegani na kwenye misuli ya nyuma ya shingo. Mbele ya koo msikandamize. Kichwa mwenzio akigeuze mwenyewe, polepole, asivutwe.

Saluni nako, sema kabla hujafungwa kitambaa: "Kaka, nikande tu, shingo usiigeuze." Kinyozi mzuri hatanuna. Akinuna, viti vya kunyolea Njombe viko vingi. Shingo unayo moja.